Siku saba za mwisho: barua ya wazi kuhusu lisi za fleti zetu

Kwa Waziri wa Ardhi, kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwa wabunge wa Kamati ya Ardhi, na kwa serikali yetu ya Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka sita sasa nimekuwa katibu wa wakazi wa jengo moja la ghorofa nne hapa kisiwani. Tuna fleti 16. Yangu iko ghorofa ya tatu, upande unaopata upepo wa kusi. Niliinunua mwaka 1998 kwa mkopo wa chama cha ushirika cha walimu na akiba ya mama yangu, aliyeuza mahamri alfajiri kwa zaidi ya miaka ishirini. Nawaandikia kwa sababu fleti hizi zinatuishia mikononi tukiziona, na mlango ambao sheria inasema uko wazi, sisi tumeukuta umefungwa.

Nianze na karatasi yenyewe. Hati yangu ya lisi, yaani mkataba wa kukodi kwa miaka maalumu, ina kurasa 22, zimeshonwa kwa uzi wa kijani pembeni. Ukurasa wa tatu unasema nimekodishiwa fleti hiyo kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1946, kasoro siku saba za mwisho. Siku ya kutia sahihi nilimuuliza wakili siku hizo saba ni za nini. Akanijibu kwamba ni desturi ya mawakili, nisijishughulishe nayo. Nami sikujishughulisha. Nilikuwa na haraka ya kupata funguo.

Leo najua ni za nini. Ardhi tunayokalia ni ya serikali. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliikodisha kwa miaka 99, ikaandikwa lisi kubwa, ile tunayoiita hati mama. Miaka mingi baadaye kampuni moja ya ujenzi ikainunua lisi hiyo, ikajenga jengo letu, kisha ikatukatia wanunuzi lisi ndogo ndogo, kila fleti na yake. Lisi zetu zinakwisha tarehe 23 Juni 2045. Kuanzia tarehe 24 hadi 30 Juni, siku saba kamili, kiwanja ni cha kampuni. Halafu kinarudi serikalini. Kwa ajili ya wiki hiyo moja tu, mwenye hati mama mbele ya sheria bado ni kampuni, wala si sisi tulioishi humo, tukalipa kodi ya ardhi na kubadilisha mabomba kwa pesa zetu.

Kwa kawaida mambo hayaishii hapo. Fleti ya mwisho ikishauzwa, mjenzi anatakiwa aikabidhi hati mama kwa kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye fleti ana hisa ndani yake. Yako majengo mengi yaliyofanyiwa hivyo, na wakazi wake wamelala usingizi. Kwetu makabidhiano hayo hayakufanyika. Mkurugenzi mmoja alifariki, mwingine akahamia ng'ambo, ofisi yao siku hizi ni duka la simu. Hata sanduku la posta lililoandikwa kwenye hati mama lilishapewa mtu mwingine. Nililifuatilia mwenyewe.

Sasa tazameni sheria inavyosema. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema lisi ikimalizika na ardhi ikarudi serikalini, yule aliyekuwa akiishikilia mwisho apewe nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, mradi awe raia wa Kenya na ardhi yenyewe isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Kanuni za mwaka 2017 za kuongeza na kuhuisha lisi zikaeleza utaratibu: anayetaka kuongezewa muda aombe kabla haujakwisha, na ndani ya miaka mitano ya mwisho mwenye lisi atumiwe barua ya rejista ya kumjulisha tarehe ya mwisho na haki yake. Ni sheria nzuri kwa mwenye nyumba yake kwenye kiwanja chake. Lakini katika jengo la fleti 16, ni nani aliyekuwa akiishikilia mwisho? Ukifuata daftari la usajili wa ardhi, ni kampuni. Ikitumwa barua mwaka 2040, itakwenda kwenye sanduku la posta la mtu asiyetujua. Na tukijipeleka wenyewe kuomba, tunaambiwa mwombaji anayetambuliwa ni mwenye hati mama.

Naomba mnisamehe nikisema hivi, lakini mlitujua vizuri sana siku ya kununua. Kila lisi ndogo ya jengo letu ilisajiliwa. Kila mnunuzi alilipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kama ilivyo mijini, na majina yetu yamo kwenye majalada ya serikali, moja moja, na nambari za vitambulisho. Anayetaka kujua nani mwenye fleti nambari 9 atamkuta kwenye karatasi zenu wenyewe. Basi haiwezekani tukawa tunaonekana wakati wa kulipa, na tukapotea machoni wakati wa kuomba muda.

Kwa watu wa Pwani jambo hili lina uzito wake. Mama yangu alizaliwa Majengo, katika nyumba bila ardhi. Mnaotoka bara huenda hamlijui neno hilo, kwa hiyo nalieleza: nyumba yako, kiwanja cha mwingine. Unajenga kwa fito na udongo, baadaye kwa matofali, unaezeka makuti na baadaye mabati, unalea watoto na wajukuu, na kila mwezi unampelekea mwenye kiwanja kodi yake. Akiuza kiwanja, unaanza kumbembeleza mwenye kiwanja mpya. Babu yangu alikuwa akihifadhi stakabadhi za kodi hiyo kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, akiamini zitamlinda. Mama alikua akiliona kopo hilo, na ndiyo sababu aliposikia kwamba naweza kununua fleti yenye hati iliyosajiliwa na serikali, alinipa pesa zote alizokuwa nazo. Aliniambia, "Nenda ukanunue penye karatasi." Mwaka 2023, mwaka mmoja kabla hajafariki, aliniuliza kama ile karatasi ni salama. Nilimwambia ni salama. Sikuweza kumwambia kwamba nami nimenunua nyumba bila ardhi, tofauti ikiwa ni uzi wa kijani.

Bunge lilijaribu kulitibu tatizo hili. Sheria ya Majengo ya Umiliki wa Sehemu ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilitaka lisi ndogo zote za muda mrefu zigeuzwe kuwa hati kamili za kila fleti, na wenye fleti wawe chombo kimoja kinachomiliki jengo kwa pamoja. Ilitoa miaka miwili. Ilifikiria hata kisa kama chetu: mjenzi akikataa au asipopatikana, wenye fleti waombe wenyewe, na msajili anaweza kuendelea bila ya hati mama kuletwa. Siku tuliposomewa kifungu hicho tulikuwa juu ya paa, penye matangi ya maji, mahali tunapofanyia mikutano. Bibi wa fleti nambari 2, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na hupanda ngazi akishika ukuta, alipiga vigelegele.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mstari ambao hatukuuona siku ile. Inahusu ardhi ya lisi pale tu muda uliobaki haupungui miaka 21.

Hesabuni nami. Sheria ilipoanza, tulikuwa na miaka 24 na miezi sita. Tukachangishana. Mpima ardhi alikuja na vijana wake, wakapima kila chumba, wakatuchorea ramani ya jengo ghorofa kwa ghorofa. Wawili kati yetu walikuwa wamefiwa na wenye hati, kwa hiyo mirathi ikabidi ipite mahakamani kwanza. Tukapeleka maombi. Ofisi tuliyoyapeleka, na sitaitaja kwa kuwa si nia yangu kumwaibisha mtu, iliyarudisha mara ya kwanza kwa sababu ya sahihi iliyokosekana, na mara ya pili kwa sababu jalada la hati mama halikuonekana. Tukaambiwa tungoje jalada. Tulingoja. Nilikuwa nikienda kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, nikikaa kwenye benchi lile lile chini ya feni, hata askari wa mlangoni akaniita mwalimu. Jalada lilipopatikana ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2024. Karani, kijana mwenye adabu, alilifungua mbele yangu, akaangalia tarehe, akachukua kikokotoo, akarudia hesabu mara mbili. Kisha akaniambia, "Mwalimu, muda uliobaki haufiki miaka 21." Tarehe 1 Julai mwaka huo tulikuwa tumeuvuka mstari tukiwa kwenye benchi.

Hivyo basi tumekwama hivi: hatuwezi kugeuza lisi zetu kuwa hati kamili kwa sababu muda uliobaki ni mfupi, na hatuwezi kuuongeza muda kwa sababu hatuna hati kamili. Anayeweza kuomba muda ni kampuni iliyokufa. Nimewaeleza mawakili watatu. Wote watatu wamekubali kwamba fundo liko hapo, na wote wamenishauri twende mahakamani. Labda tutakwenda. Lakini wazee wa jengo letu wanaishi kwa pensheni, na kesi za ardhi katika nchi hii watu huwarithisha watoto wao.

Msidhani madhara yatangoja mwaka 2045. Yameshaanza. Kijana wa jirani yangu alitaka kununua fleti nambari 11 ili akae karibu na wazazi wake. Benki ikakataa. Ofisa wa mikopo aliandika 2045 kwenye kipande cha karatasi, akatoa mwaka tuliomo, akakizungusha kipande kile ili sisi sote tukione. Mkopo wa miaka kumi na tano juu ya lisi isiyofika miaka 20 hauingii, alisema. Fleti hiyo ikauzwa baadaye kwa mtu mwenye pesa taslimu, kwa bei ambayo muuzaji aliona aibu kuitaja mbele yetu.

La pili ni jengo lenyewe. Tuko karibu na bahari na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Kwenye roshani za upande wa mashariki saruji imebambuka, nondo zimejitokeza zikiwa na kutu nyekundu, na ukizigusa zinaacha unga mkononi. Mhandisi ametuandikia kazi inayotakiwa. Kila nikiitisha mkutano wa kuchangia, mtu ananiuliza swali lile lile: tutie mamilioni kwenye jengo la nani? Sina la kumjibu. Nchi hii imeona majengo yakianguka juu ya watu, na kila mara lawama huwa kwa simenti na wakaguzi. Ningependa mlifikirie na hili, kwamba mtu hatengenezi vizuri nyumba anayojua atanyang'anywa.

Mfumo huu wa lisi hatukuuzua sisi. Ulikuja na Waingereza. Kwa Sheria ya Ardhi za Himaya ya mwaka 1915 wenye mashamba makubwa waliweza kupewa miaka 999, na viwanja vya mjini vikapewa 99. Na huko huko kwao, kwenye fleti nyingi za lisi kama zetu, waliona kwamba mwenye fleti asipopewa haki yake mwenyewe atabaki mateka wa mwenye kiwanja. Mwaka 1993 bunge lao lilipitisha sheria kwa ajili ya Uingereza na Wales: mwenye fleti, peke yake, bila kungoja majirani, anaweza kumlazimisha mwenye ardhi amwongezee miaka 90 juu ya ile iliyobaki, kwa bei inayokadiriwa kisheria. Anampa notisi, notisi inataja siku ya mwisho ya kujibu, na wasipoelewana bei kuna baraza la kuamua. Siwasifu, wenye fleti huko nao wana malalamiko yao mengi juu ya gharama. Ninachosema ni kwamba waliotuletea ugonjwa walishatengeneza dawa miaka zaidi ya thelathini iliyopita, nasi tumebaki na chupa tupu.

Tunayoyaomba ni haya. Kwanza kabisa, na hili ndilo kubwa, sheria itamke wazi kwamba mwenye lisi ndogo iliyosajiliwa ya fleti ni mwenye lisi kwa maana ya kifungu cha 13, na kwamba wenye fleti wakiwa pamoja, au walio wengi wao, wanaweza kuomba kuongezewa muda wa hati mama pale ambapo mjenzi hapatikani au hajali. Msajili ameshapewa uwezo wa kuendelea bila hati mama katika kugeuza hati. Apewe uwezo huo huo katika kuongeza muda. Maneno machache tu kwenye marekebisho ya sheria yatatosha, na mawakili wa serikali wanajua kuyaandika kuliko mimi.

Pamoja na hilo, ule mstari wa miaka 21 usiwe ukuta. Naelewa kwa nini uliwekwa. Hamkutaka mtu auziwe hati kamili ya kitu kinachokaribia kuisha. Basi maombi mawili yawe moja: jengo liombe kuongezewa muda na kugeuziwa hati kwa fomu moja, na hati mpya zitoke na muda mpya. Na aliyeomba kabla ya kuvuka mstari ahesabiwe kwa tarehe aliyoleta maombi. Stakabadhi yetu ina muhuri na tarehe. Tusiadhibiwe kwa jalada ambalo hatukulipoteza sisi.

Kuhusu notisi, miaka mitano kabla ya mwisho ni kuchelewa mno kwa jengo la watu wengi. Mirathi moja tu inaweza kula miaka miwili. Watu wajulishwe muda ukiwa umebaki miaka 30, wakati benki bado zinawafungulia mlango, na barua ziende kwa kila mwenye fleti kwa jina lake, kisha tangazo libandikwe mlangoni pa jengo. Ziandikwe kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na bibi wa fleti nambari 2 anakisoma bila miwani.

Tena tunaomba tujue bei na tujue siku. Anayeomba kuongezewa muda leo hawezi kukadiria atatozwa nini wala atajibiwa lini. Kanuni ya kukokotoa malipo ichapishwe, na kila hatua iwe na idadi ya siku. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na serikali kwa haraka na kwa haki. Sisi hatujaomba zaidi ya hapo.

Na kwa serikali ya kaunti: maombi ya aina hii yanapoletwa kwenu kutolewa maoni, naomba mtume mtu aje atazame jengo kabla hajaandika. Akija ataona watu wanaishi. Ataona chuo cha watoto, yaani madrasa, ghorofa ya chini, kina watoto kama ishirini, na mwalimu wao ni mwanafunzi wangu wa zamani. Najua kiwanja chetu ni cha thamani na kwamba wapo wanaokihesabia siku. Sina ushahidi wa kumtuhumu mtu. Lakini ardhi ya mjini ambayo mwenyewe hajulikani haikosi mnunuzi, na tunaogopa kwamba siku moja tutasikia kuna mtu ameikuta ile kampuni, ameinunua na siku zake saba.

Serikali yenu inajenga fleti nyingi kwa ajili ya wananchi, na wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5 ya mishahara yao kuzigharimia. Wanaozinunua ni vijana. Tafadhali watengenezeeni njia hii mapema, wasije wakakaa kwenye benchi nililokalia mimi.

Jengo letu limeweka nyaraka zake zote pamoja: nakala za lisi 16, stakabadhi za kodi ya ardhi tangu mwaka 1998, ramani ya mpima, barua ya mhandisi, na ile karatasi ya maombi yenye muhuri. Ziko kwenye sanduku la bati chumbani kwangu. Tukiitwa Nairobi tutapanda gari la moshi, watu wanne, na sanduku letu. Nanyi mkipenda kuja huku, tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, juu ya paa penye matangi. Ngazi ni 68. Tutawawekea viti upande wenye kivuli.

Wenu,

Katibu wa wakazi,
Mombasa